Divai ya Baba Mathayo

Ule mwaka tulikula ndizi. Asubuhi ndizi za kuchemsha, mchana ndizi za kuponda na mboga, jioni zile za mchana zikipashwa moto. Mahindi yalikuwa yameshikwa na ugonjwa shambani, yakakauka yakiwa na kimo cha mtoto wa nasari, na watu wa kilimo wakatuambia tung'oe tuchome. Kijiji chetu kizima cha Kanyakine kilinuka moshi. Ukimwuliza mtu wa kwetu ni mwaka gani Mama Karimi alipanda ndege, hatakutajia nambari. Atakwambia ni ule mwaka wa ndizi.

Mama Karimi ni mimi, na sikupanda ndege ili kwenda kupumzika. Mtu hupumzika kwake. Nilienda kwa sababu ya Kawira.

Kawira ni mtoto wa Karimi, binti yangu wa kwanza. Karimi alimzaa akiwa bado nyumbani, kisha akaolewa Embu akaniachia kitoto kinachotambaa. Nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni nikichuma kahawa, nikamsomesha mpaka akawa nesi, akaenda Italia kutunza wazee hospitalini katika mji unaoitwa Firenze. Mume wangu alishakufa. Kwa hivyo mwanaume akimtaka Kawira, mlango wa kubisha ni wangu.

Mwaka huo Kawira akanitumia tiketi. Kwenye simu alisema, "Shosho, kuja upumzike wiki tatu, tutembee." Karimi naye akanipigia siku hiyo hiyo na neno lingine. Alisema kuna mwanaume huko, mzungu, na Kawira amemwomba asiniambie. Nikamwambia sijasikia kitu. Halafu nikaenda kutafuta sanduku.

Siku ya kuondoka Kanyakine, akina mama wa kanisa walikuja kuniombea tangu alfajiri. Mwenyekiti wao alinishika mikono akasema huko watu wanakunywa divai kama sisi tunavyokunywa chai, na nisije nikawatia aibu. Nikamjibu kwamba pombe nimeijua kabla yeye hajazaliwa, na kama ingekuwa ya kunishinda ingenishinda zamani. Nilivaa kilemba changu cha kanisa, nikabeba kiondo, na ndani ya kiondo nikatia nduma zilizochemshwa, kwa sababu sikujua watu wa ndege wanapika nini.

Embu nililala kwa Karimi, pale mtaa wa Dallas, ambapo yeye ni mwalimu na mume wake ana duka. Karimi alinipikia wali na kuku, mimi niliyetoka kwenye ndizi, nikala mpaka nikaona haya. Alikuwa anazunguka zunguka meza na kitambaa cha kufutia, na meza ilikuwa safi.

"Mama," akasema, "usiende kuvunja."

"Kuvunja nini? Mimi sijaona kitu kimejengwa."

"Kawira ana miaka ishirini na tisa."

"Najua. Nilikuwa pale akizaliwa. Wewe ulikuwa umefunga macho."

Akacheka bila kupenda. Asubuhi mume wake alinipeleka mpaka uwanja wa ndege Nairobi na gari lake, na njia nzima alinieleza mambo ya mkanda wa kiti. Ndani ya ndege nilifunga mkanda mara moja na sikuufungua mpaka tulipofika, isipokuwa haja mbili.

Firenze nilimkuta Kawira amekonda. Nikamwambia. Akasema huko ndivyo watu wanavyopenda. Nikasema wanaopenda ni akina nani, akabadilisha maneno. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya nne, ngazi nyembamba, na mezani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa vilivyooshwa vikaachwa vikauke. Kawira hanywi kahawa. Nilivihesabu. Kwa siku nane nilinyamaza, nikingojea aseme mwenyewe, na kila siku alinionyesha kanisa lingine.

Waitaliano wenyewe hawakuwa wageni kwangu. Nikiwa mtoto kulikuwa na mapadre wao kwetu Imenti, wenye ndevu, waliopita wakitembea kwa miguu msimu wa matope wakitupa peremende na habari za Mungu. Sisi tulikuwa wa kanisa lingine lakini peremende tulikula.

Siku ya tisa Kawira alisema kesho tutaenda matembezi ya basi, ya kutwa, na mtu wa kutuongoza. Tutaona miji ya zamani sana yenye kuta, na mashamba ya zabibu. Alikuwa amenipigia pasi nguo yangu ya kanisa. Nikamwuliza kama tunaenda kuona mashamba au kuhudhuria harusi. Akasema, "Vaa tu, shosho."

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye basi dogo, watu kama kumi na tano, wengi wao Wamarekani wazee waliovaa kaptura. Kiongozi alikuwa kijana mrefu mwenye pua kubwa, mwavuli wa manjano mkononi ili tusimpotee. Alisema jina lake ni Matteo. Hilo ni Mathayo, nikamwita Mathayo tangu saa hiyo. Wamarekani aliwaita bwana na bibi. Nilipofika kwenye ngazi ya basi, akanipa mkono akasema, "Pole pole, shosho."

Nikasimama na mguu mmoja hewani. Kati ya watu wote wa basi, ni mimi peke yangu aliyenijua kwa jina ambalo mjukuu huniita nyumbani. Nikamgeukia Kawira.

"Nilimwambia nikilipia nafasi," akasema, akiangalia dirisha.

"Na mto wa kukalia pia ulilipia?" Kwa sababu kiti cha mbele kilikuwa na mto, na viti vingine havikuwa nao.

Nikakaa juu ya mto wangu. Barabara ilikuwa nzuri, milima ya chini chini iliyolimwa yote, miti mirefu myembamba imesimama kama watu waliopanga foleni. Mathayo alizungumza kwenye kipaza sauti na Kawira akanitafsiria kwa Kimeru. Niliangalia sikio la kijana yule kutoka nyuma. Lilikuwa safi. Mtu anayeosha nyuma ya masikio amelelewa na mwanamke anayejali. Hilo nililiweka akilini.

Saa nne tulikuwa Siena. Ni mji uliojengwa kabla ya babu wa babu zetu, wote rangi ya tofali, njia nyembamba kiasi kwamba gari likipita unabandika mgongo ukutani. Katikati kuna uwanja ulioinama kama sinia iliyowekwa vibaya, na watu wazima wameketi chini kwenye matofali bila kutandika kitu. Nilisema mimi siketi chini kama mbuzi. Baada ya kupanda zile njia, niliketi chini.

Mathayo alitueleza kwamba mji umegawanywa mitaa, na kila mtaa una mnyama wake, huyu bata, huyu kobe, huyu kiwavi. Mtoto akizaliwa anafanywa wa mtaa wake na habadiliki mpaka kufa. Siku za mashindano ya farasi hapo uwanjani, mke wa mtaa mwingine hufunga nguo zake akarudi kwao, mume akabaki, mpaka mashindano yaishe. Wamarekani walicheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia Kawira amwambie kwamba hapo amesema neno la maana, mtu kwanza ni alikotoka. Kawira alitafsiri, Mathayo akatingisha kichwa mara nyingi sana, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu amwone.

Saa saba tukafika shambani. Basi liliacha lami likapanda njia ya mawe meupe, mizabibu kushoto na kulia, mistari imenyooka kama iliyopigwa kamba. Nyumba ilikuwa ya mawe. Nje palikuwa na meza ndefu chini ya kivuli, na Wamarekani wakajitupa kwenye mabenchi. Kwangu paliwekwa kiti chenye mikono, kichwani mwa meza.

Wakatoka mzee na mama mmoja. Mama alikuwa amevaa nguo nyeusi na herini za dhahabu. Mzee alikuwa amevaa koti na tai. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Mikono ya yule mzee ilikuwa ya jembe, niliiona kutoka mbali, na mkulima havai koti saa saba ya mchana bila sababu. Nikaangalia pua yake. Nikaangalia pua ya Mathayo. Ilikuwa pua moja.

Wamarekani wote walimiminiwa divai na msichana wa kazi. Mimi mzee alikuja mwenyewe. Alibeba glasi kwa mikono miwili, akainama kidogo, na kwa Kiswahili alichokariri akasema, "Karibu, mama. Kunywa."

Hapo inafaa nieleze jambo, kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Kwetu, watu wa kijana wakitaka msichana hubeba kibuyu cha pombe ya asali mpaka nyumbani kwa msichana. Wenye msichana wakinywa, wamekubali. Wasipokunywa, kibuyu kinarudi kilivyokuja. Sisi wa kanisa tuliacha pombe, tukaweka asali iliyochanganywa na maji, lakini kunywa ni kule kule na maana ni ile ile. Kawira anajua. Ameona kwa macho yake dada zake wakiombwa.

Nikamwangalia Kawira. Alikuwa anaangalia viatu vyake, vile alivyokuwa anaviangalia akiwa mdogo amevunja kibuyu cha maziwa. Basi nikaelewa yote mara moja, vikombe viwili, mto, nguo ya kupigwa pasi. Walikuwa wamenitoa Kanyakine, wakanipitisha juu ya bahari, ili ninywe.

Nikaweka mikono yangu mapajani.

"Kinywaji cha mtu ambaye hajafika kwangu, mimi sinywi."

Kawira alifungua mdomo, akawaambia maneno yake mwenyewe. Nilijua si yangu kwa sababu yule mama alicheka kama mtu aliyetuliwa mzigo, akagonga paji lake la uso, akakimbia ndani. Kawira alikuwa amewaambia mimi ni mtu wa kanisa. Mama Mathayo akarudi na jagi la maji ya zabibu zile zile, yasiyochachushwa, baridi, jagi linatoa jasho. Akanimiminia. Nilikuwa na kiu, sitadanganya. Koo lilikuwa limekauka kama ngozi ya ngoma.

"Ni juisi tu, shosho," Kawira akasema kwa Kimeru, chini chini. "Hata pastor angekunywa."

"Nimesema nini?"

"Shosho, tafadhali."

"Waambie vile nilivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Akawaambia. Safari hii aliwaambia kweli, maana glasi za Wamarekani zilisimama hewani. Mathayo aliiva masikio. Mama yake akaweka jagi chini polepole. Mzee alibaki ameshika glasi kwa mikono miwili, hajui pa kuiweka, na hapo ndipo moyo wangu uliniuma, kwa sababu alikuwa ameinama vizuri. Watu wa kwetu wengine hawainami hivyo.

Chakula nilikula. Mkate wao, nyama yao, jibini lao linalonuka, nilikula na nikashukuru. Chakula kilikuwa cha mgeni. Kile cha kwenye glasi kilikuwa cha mkwe. Maji nilikunywa ya kwenye kiondo changu, yamepata moto.

Tulipomaliza, mzee alisimama, akavua koti, akavua tai, akaikunja akaitia mfukoni. Akaniita kwa mkono, twende shambani. Nikaenda, Kawira nyuma yetu na macho mekundu akitafsiri.

Shambani tulielewana upesi. Alinionyesha wanavyopogoa, nikamwonyesha kwa vidole kahawa tunavyoipogoa. Alinionyesha vichipukizi vya pembeni vinavyokula nguvu ya mti. Nikaona kimoja amekisahau, nikaking'oa, akacheka mpaka nikaona meno yaliyokosekana. Kisha nikamwuliza mbona mwisho wa kila mstari pana mti wa waridi, yeye ni mkulima au ni bibi harusi. Akasema waridi huugua kabla ya mzabibu. Ukiona jani la waridi limeharibika, unajua ugonjwa uko njiani, unawahi. Nikamweleza mahindi yetu, jinsi tulivyolala yakiwa mabichi tukaamka yakiwa yameanza kufa, na hakukuwa na kitu cha kutuambia. Halafu akanishika kiwiko, vile mtu hufanya kwenye kilio.

Nilimpenda yule mzee. Naandika hapa ili ijulikane. Laiti angekuwa mtu mbaya, siku yangu ingekuwa rahisi.

Alisema yeye hajawahi kupanda ndege. Alizaliwa kwenye ile nyumba ya mawe, na mbali alikowahi kufika ni jeshini, kwa gari moshi. Zabibu haziachwi, akasema. Nikamwambia kahawa pia haiachwi, na mimi niko hapa.

Tulipokuwa tunapanda basi alikuja akitembea haraka na chupa, mdomo umefungwa kwa nta nyekundu, akaitumbukiza kwenye kiondo changu yeye mwenyewe. Nikasema nitaibeba, kubeba si kunywa, na chupa itabaki yake. Sijui Kawira alitafsiri vipi. Mzee alibaki barabarani ameinua mkono mpaka tulipokata kona.

Saa kumi tukawa mji wa pili, San Gimignano, uko juu ya kilima na una minara mirefu ya mawe isiyo na kazi yoyote. Mathayo alieleza kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba matajiri wa zamani walishindana nani atajenga kwenda juu zaidi. Nikasema hiyo kwetu tunayo, mtu anajenga ghorofa tatu halafu anaishi jikoni na kuku. Hakuna aliyecheka kwa sababu Kawira hakutafsiri. Alikuwa ameacha kunitafsiria.

Katikati ya uwanja wa mji ule kuna kisima cha mawe. Mathayo aliwapeleka wengine kanisani na mwavuli wake, mimi nikakaa kwenye ngazi za kisima kwa sababu magoti yalikuwa yamesema basi. Kawira alibaki amesimama, mgongo kwangu.

"Umeniaibisha," akasema.

"Mimi au wewe? Nani alipanga?"

"Matteo aliniuliza kwetu watu hukubali vipi. Nikamwambia ukinywa, imeisha. Akafurahi. Akasema hiyo ni rahisi, kwao divai iko." Akageuka. "Shosho, hawawezi kuja. Umesikia yule mzee. Leo ilikuwa ndiyo siku. Kama hukunywa leo umekataa, na nikiolewa nitaolewa bila wewe."

Hilo neno lilinipiga. Nilishika ukingo wa kisima. Na mkono wangu ukaingia kwenye mfereji ndani ya jiwe, mfereji mwingine, na mwingine, laini kabisa. Zilikuwa alama za kamba. Wanawake walikuwa wamevuta maji pale miaka mingi kiasi kwamba kamba ilikula jiwe.

"Kuja ushike hapa," nikamwambia.

Hakutaka. Nikangoja. Akaja akashika.

"Siku niliyoolewa nilikuwa mtoni," nikasema. "Baba yangu alikutana na baba ya babu yako siku ya soko la Igoji. Mzee yule akamkaribisha kwake. Baba yangu akanywea huko. Aliporudi jioni nilikuwa nimeshaolewa, na mimi nilikuwa natoka mtoni na mtungi mgongoni, sijui kitu. Hakuna mtu wa upande ule aliyewahi kuona mahali nililelewa. Babu yako hakufika kwetu hata siku moja. Wakati baba yangu alikufa, nilienda kuzika peke yangu, na mama yako mgongoni. Watu wakaniuliza, wakwe zako wako wapi? Nikasema wanakuja. Nilisimama kaburini nikisema wanakuja mpaka udongo ukaisha."

Kidole cha Kawira kilikuwa kinapita kwenye mfereji wa kamba, kinaenda kinarudi.

"Sikatai kijana," nikasema. "Pua yake ni mbaya lakini ameoshwa vizuri. Nakataa wewe kunywewa ukiwa mtoni."

Mathayo alirudi mbele ya wengine. Nafikiri alikuwa amekimbia. Akasimama mbele yangu, mwavuli umekunjwa, akazungumza, na Kawira akaanza tena kutafsiri. Alisema anaomba msamaha. Alidhani jambo lenyewe ni kunywa.

"Jambo lenyewe ni kuja," nikamwambia.

Akasema baba yake anaogopa ndege, na ni mbali sana.

"Amwambie baba yake kwamba mapadre wa kwao walifika Imenti bila ndege na bila lami, na walikuwa wanakuja kutuambia habari za mtu aliyekufa zamani. Yeye anakuja kuomba msichana aliye hai. Aone ni ipi nzito."

Kawira alitafsiri, na katikati ya kutafsiri akacheka na kulia pamoja, akajifuta kwa kilemba changu bila kuniomba. Mathayo alifikiri. Kisha akauliza kama kuna barabara. Nikasema lami inafika Kanyakine, kutoka hapo ni miguu, na apite upande wa juu kwa sababu upande wa chini kuna mbwa wa jirani.

Saa mbili usiku tulikuwa tumerudi Firenze. Kwenye basi nililala kwenye bega la Kawira. Mto ulikuwa umenishukia mgongoni na mtu aliuweka sawa. Sikufungua macho nione ni nani.

Nyumbani nilifika mwisho wa mwezi. Akina mama wa kanisa walikuja kunisalimia na jambo la kwanza walilouliza ni divai. Nikawaambia sikunywa, wakapiga makofi wakamshukuru Mungu, na mwenyekiti akasema alijua. Halafu wakaona chupa juu ya kabati, karibu na redio. Ikabidi nieleze upya, tangu mwanzo, nikiwapa ndizi.

Yale niliyojifunza si mengi. Nilijifunza kwamba mzungu anaweza kuinama vizuri kuliko mtu wa Nkubu hapa jirani. Nilijifunza waridi, nikapanda miti yake mitatu mwisho wa mistari yangu ya kahawa, na majirani wakipita huuliza kama ninangoja bwana harusi. Ninawajibu ndiyo. Na nilijifunza kwamba naweza kumkatalia mtu niliyempenda, mchana, mbele ya watu, na nisife. Nikiwa msichana hakuna aliyenionyesha hilo.

Ile chupa imejaribiwa na wengi. Krismasi mume wa Karimi alitoka Embu na kifungulio mfukoni, nikamwambia afungue soda. Mvulana wa redio alipokuja kuweka betri aliuliza ni dawa ya nini. Ninaifuta vumbi kila Jumamosi, ninaigeuza kidogo jua lisiipate upande mmoja, na kuirudisha pale pale.

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa nachagua kahawa. Alikuwa Kawira, na nyuma yake nikasikia kikohozi cha mzee.

"Shosho, Baba Matteo yuko hapa. Anauliza kwenu mvua huacha mwezi gani."

Nikakaa chini kwenye gunia. "Mwambie Januari na Februari kumekauka."

Wakazungumza. "Anasema hiyo ndiyo miezi ya kupogoa."

"Mwambie apogoe mapema. Mizabibu yake itangoja, magoti yangu hayangoji."

Wakazungumza tena, muda mrefu, na nikamsikia Mama Mathayo naye akiingilia, na kitu kama sanduku kikiburutwa sakafuni. Kisha Kawira akarudi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kicheko.

"Anasema sawa, shosho. Lakini anahangaika kama ile divai iliharibika kwenye ndege. Anakuomba uonje kijiko kimoja tu, umwambie, ili ajue kama alete nyingine."

Niliiangalia chupa juu ya kabati, na nta yake nyekundu bado nzima.

"Mwambie vile ninavyosema," nikasema. "Usiongeze, usipunguze. Kinywaji cha mtu ambaye hajafika kwangu, mimi sinywi."